Hakuna Aliyefika Mabela Peke Yake

Masimulizi ya safari ndefu za baiskeli yana mwisho mmoja uliochoka. Mpanda baiskeli hushuka, huiegemeza baiskeli ukutani, huipiga picha, kisha huandika kwamba amefika, na kwamba amefika peke yake. Mwisho huo ukiwekwa Mabela, kitongoji cha Seeb magharibi mwa Maskati, unazidi kushangaza. Mabela ni gereji, maghala, maduka ya vipuri, nyumba mpya za familia kubwa, na malori yaendayo Batinah usiku na mchana. Katika baadhi ya nyumba hizo bibi huzungumza Kiswahili jikoni na wajukuu humjibu kwa Kiarabu. Mtu aliyetoka Nizwa kwa pedali, akapita Izki na Samail, akateremka Fanja hadi akaingia katika msongamano huo, kisha akatangaza kwamba njia nzima hakuwa na mwenzake, ana jambo la kueleza.

Kosa si lake pekee. Amerithi namna ya kuandika iliyo na umri wa zaidi ya karne moja, nayo ilianza kwa hila. Thomas Stevens aliondoka San Francisco mwaka 1884 juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, akaizunguka dunia, na vitabu vyake viwili vikamfanya kuwa baba wa wasafiri wapweke wa magurudumu mawili. Wanaomtaja husahau kilichofuata. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Afrika Mashariki kumtafuta Stanley, na mwaka uliofuata akakitoa kitabu cha safari hiyo. Huku kwetu hakuja kwa baiskeli. Alikwenda bara na wapagazi, kama walivyokwenda wazungu wote wa wakati ule, maana bila mabega ya watu wa pwani asingekwenda popote. Basi bingwa wa upweke alipofika kwetu alikodi msafara! Hilo lingetosha kuwafanya warithi wake wawe na haya kidogo.

Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyelivuka bara la Afrika kwenda na kurudi kati ya 1931 na 1936, kwa baiskeli na kwa miguu na kwa kila chombo alichokipata, husifiwa vivyo hivyo. Lakini barua zake zilikuwa zikimwendea mkewe, na makala na picha alizozituma magazetini kwao zilikuwa riziki ya nyumba aliyoiacha. Kuna mtu aliyebaki na watoto ili mwingine aitwe mpweke.

Lipo jambo la kukubaliwa kabla ya kuendelea. Upweke wa njiani si uongo mtupu. Upepo wa mbele hauna wa kumsaidia mtu kuukata, na mlima hupandwa na magoti ya mwenyewe. Kwa mwanamke neno hilo lina uzito mwingine kabisa: anaposema alisafiri peke yake, anawajibu wote waliomwambia kwamba hawezi, au kwamba haifai. Dervla Murphy wa Ireland aliisema jeuri hiyo maisha yake yote, na haki yake hiyo asinyang'anywe. Hata hivyo, alipotoka Kenya hadi Zimbabwe kwa baiskeli mwaka 1992, kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alikiita The Ukimwi Road, kwa kuwa maradhi hayo ndiyo waliyokuwa nayo kinywani watu aliowakuta. Jalada la kitabu cha Kiingereza likabeba neno la wenyeji. Huyo alikuwa peke yake barabarani, lakini hakuwa peke yake katika sentensi zake, na hapo ndipo penye ugomvi. Hata mshindani wa Tour of Oman, mbio zilizoanza mwaka 2010 na ambazo hupanda Jabal Akhdhar, hukiri bila kuona aibu kwamba nyuma yake kuna gari, fundi, na mwenzake aliyejichosha ili kumkinga upepo. Anayekataa kukiri ni mtalii mwenye kalamu.

Tazama anavyoandika juu ya maji. Kati ya Nizwa na Izki husema alipita "jangwa tupu", kisha aya mbili mbele akanywa maji baridi penye kivuli cha mitende. Mtende haukujipanda na maji hayakujileta. Ni falaji. Mwaka 2006 falaji tano za Oman ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na tatu kati ya hizo ziko katika kipande hichohicho cha nchi: Daris ya Nizwa, al-Khatmein ya Birkat al-Mouz na al-Malki ya Izki. Maji ya falaji yana wenyewe. Hugawanywa kwa zamu, na zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mafungu hurithiwa, huuzwa, huwekwa wakfu. Lakini kabla maji hayajafika mashambani kwa wenye mafungu, pale juu yanapotokeza, ya kunywa ni ya kila mtu, apitaye na akaaye. Kwa hiyo lile bilauri la maji lililomwokoa msafiri lilikuwa kanuni ya kijiji, iliyotunzwa na watu walioingia chini ya ardhi kuzoa matope vizazi na vizazi. Aliyeandika "nikapata maji" ameandika uvivu.

Waandishi wa Kiswahili wa leo, na hasa vijana wa Oman ambao wazee wao walitoka Unguja, Pemba na mrima, baadhi yao baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wengine wakiitikia wito wa 1970, hawana udhuru wa kuiga upweke huu. Mkononi mwao wana lugha inayoukataa. Mtu wa Kiswahili akisafiri huagwa na husindikizwa. Hubeba masurufu ambayo mara nyingi yalitoka katika mkono wa mwingine. Akifika hupokewa, na anayempokea huitwa mwenyeji. Kila neno la safari lina mtu wa pili ndani yake. Wazee walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani, wakimaanisha kwamba barabarani hata mwenye enzi huishi kwa hisani ya wengine. Kijana anayeijua methali hiyo kwa bibi yake, kisha akaenda kuandika safari yake kwa Kiingereza cha kuazima, eti yeye na baiskeli yake dhidi ya ulimwengu, ametupa mali ya nyumbani akaokota kijaluba kitupu.

Tena si methali tu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, ambamo Sleman bin Mwenye Chande anaisimulia safari yake ya bara na Selim bin Abakari safari yake ya Urusi na Siberia. Katika habari za bara kuna hongo, kuna vitambaa, kuna machifu wa kuombwa njia. Msomaji anajua nani alilipwa nini ili mguu upite. Asidhani mtu kwamba ule ni wakati wa kuutamani: misafara ile ilibeba pembe na watumwa, na mpagazi aliyeanguka njiani mara nyingi hakuachiwa hata jina. Wale nao walikuwa na watu wao wasioonekana. Walau walijua kwamba njia ina gharama, wakaiandika.

Na sasa wasioonekana wa Mabela. Baiskeli nyingi zinazopita pale si za watalii. Ni za vibarua kutoka Bangladesh, India na Pakistan, vyuma vizito visivyo na gia, mara nyingi visivyo na taa, vyenye mfuko wa vitunguu kwenye usukani. Sheria ya Oman husimamisha kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni hadi Agosti, kwa kuwa jua lile linaua. Hakuna sheria inayomsimamishia kibarua njia ya kwenda na kurudi. Kilomita zake za mwaka zikijumlishwa huenda zikaipita safari yoyote ya milimani, wala hazihesabiwi na simu, wala hakuna anayemuuliza alijifunza nini juu ya nafsi yake. Mtalii anapopata pancha mlangoni mwa Mabela, wa kumzibia ni mtu kama huyo. Katika simulizi huitwa "fundi mmoja".

Anayetaka kuandika mwisho wa safari na aanzie kwenye kibanda hicho. Aseme fundi alitumia gundi gani, alidai baisa ngapi, alisema lugha gani, na kama aliuliza mteja anatoka wapi. Aseme alimjibu nini. Kisha arudi nyuma, Fanja, Samail, Izki, amtaje kila aliyemfungulia mlango, kwa jina kama mwenyewe aliridhia litajwe, na kwa kazi yake kama hakuridhia. Simulizi itakuwa ndefu zaidi na shujaa wake atapungua kimo. Magharibi ikiingia, picha ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani ikiwa tayari imekwisha kutumwa kwa marafiki, nyuma ya ukuta huohuo watu watakuwa bado wanapiga pedali kurudi kambini, upande usio wao wa barabara, taa za malori zikiwamulika usoni.