Karani Akisema Kweli, Nani Atamlinda?

Huenda unajifunza Kiswahili hapa Lemon Gaba kwa nia ya kupata kazi ya ofisini: ukarani wa forodha, wa benki, au wa kampuni iletayo bidhaa Juba kutoka Kampala na Mombasa. Ukiipata, ankara, stakabadhi na hati za malipo zitapita mikononi mwako kila siku. Siku moja huenda ukakutana na hati isemayo uongo. Je, utafanya nini? Kabla hujajibu, zingatia kisa cha karani mmoja wa Nairobi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, David Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya. Idara yake ilishughulikia hati za wafanyabiashara waliouza bidhaa nje ya nchi. Serikali iliwalipa wafanyabiashara hao fidia ili walete fedha za kigeni. Kiwango cha kisheria kilikuwa asilimia 20, lakini kampuni ya Goldenberg International ilikubaliwa kulipwa asilimia 35 kwa dhahabu na almasi. Kenya haina machimbo ya almasi, na dhahabu yake ni haba. Makaratasi yalidai shehena ambazo ardhi haikuwa nazo. Munyakei akatoa nakala za hati hizo, zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 habari ikafika bungeni.

Nani alikamatwa kwanza? Karani. Alishtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Hakufungwa, lakini kazi yake ilikwisha. Ilipoundwa Tume ya Jaji Bosire mwaka 2003, ndipo alipoketi kutoa ushahidi, miaka kumi baada ya tukio. Mwaka 2004 alitunukiwa tuzo ya uadilifu na shirika la Transparency International. Mwaka 2006 alifariki akiwa maskini.

Elewa tofauti hii: tume huchunguza na kupendekeza, mahakama ndiyo ihukumuyo. Mahakamani hati peke yake haitoshi. Anatakiwa mtu aeleze nani aliileta, nani aliitia sahihi na nani aliamuru ilipwe. Karatasi haihojiwi, karani huhojiwa. Ukimfukuza karani, ukamwacha ahangaike miaka kumi, umeidhoofisha kesi kabla haijaanza.

Wapo watakaosema kwamba karani ameapa kutunza siri za ofisi. Ni kweli, na kiapo ni jambo zito. Mshahara wa mwenzako, akiba ya mteja na mipango ya ulinzi wa nchi si habari za kutangazwa sokoni. Lakini siri iliwekwa ili kuilinda mali ya umma, si kumfunika anayeiba mali hiyo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo naona haitoshi kuwahimiza vijana wawe waadilifu. Ujasiri bila sheria ni kumtuma mtoto wa mwenzio mtoni penye mamba. Majirani zetu wametambua hivyo. Uganda ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2010, ikaonyesha taarifa ipelekwe wapi, na ikafanya kumwonea mtoa taarifa kuwa kosa. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2015, ikawaunganisha watoa taarifa na mashahidi. Sudan Kusini, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, ina ya kujifunza katika sheria hizo, na pia katika kisa cha Munyakei. Siku utakapozungumza na mbunge wako, muulize: karani wa nchi hii akiona hati ya uongo, aende kwa nani, na kesho yake atakuwa bado na kazi?

Nimalizie kwa neno moja la Kiswahili. Shahidi ni mtu aelezaye mahakamani aliyoyaona. Shahidi pia ni mtu aliyekufa kwa ajili ya haki. Lugha imeziweka maana hizo mbili katika neno moja. Kazi ya sheria ni kuhakikisha kwamba anayekuwa shahidi wa kwanza halazimiki kuwa wa pili.