Kabla ya kununua ampli, muulize muuzaji akuonyeshe fyuzi

Kiringye, bonde la Ruzizi. – Msimu wa kuuza mpunga ukifika, muziki unapanda huku kwetu. Dereva wa taksi anaongeza sabwufa nyuma ya kiti, kinyozi anabadilisha bafle, kanisa linachanga sadaka ya kununua ampli. Hakuna ubaya. Lakini pesa nyingi ya bonde hili inapotelea kwenye namba moja iliyochapwa kwenye katoni: wati 3000, wati 5000, siku hizi hata zaidi. Maoni yangu ni kwamba namba hiyo haifai kuaminiwa, hasa na mtu aliyebeba pesa ya watu wengine.

Ndugu msomaji, hesabu ni ndogo. Ampli ya gari inakula umeme wa volti 12, au volti 14 na kidogo injini ikiwaka. Kwenye ubavu wake, pale zinapoingia waya nene, mara nyingi kuna fyuzi yenye namba: 25, 30, 40. Hizo ni ampea. Zidisha kwa volti. Ampli ya «wati 3000» yenye fyuzi ya 30 inaweza kuvuta kama wati 360 kutoka kwenye batri. Na zote hazitoki kama sauti. Ampli za aina ya zamani, zile za AB, zinapoteza karibu nusu kwa joto. Za aina ya D zinapoteza kidogo, kama moja ya tano. Kwa hiyo ulichonunua ni wati 200, labda 300. Ili itoe 3000 kweli ingehitaji zaidi ya ampea 250, na altaneta ya gari dogo la kawaida inatoa kati ya 60 na 90, ambazo taa nazo zinazitaka.

Namba ya kutafuta ni ile inayoandikwa RMS, nguvu ambayo kifaa kinaweza kutoa mfululizo bila kuharibu sauti. Marekani watengenezaji walikubaliana namna moja ya kuipima tangu 2003, yaani kwa volti 14.4, omu 4, na uharibifu wa sauti usiozidi asilimia 1. Katoni nyingi zinazovuka Kavimvira hazisemi lolote juu ya hilo. Ndiyo maana naiamini fyuzi.

Sasa kulinganisha ampli na bafle. Vijana wengi wanaogopa ampli kubwa, wakidhani ndiyo inayochoma. Inawezekana, lakini mara nyingi anayechoma ni ampli ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake. Ikifika mwisho inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, unasikia mkwaruzo, na koili ya bafle inapata joto bila kupumzika. Sabwufa ya RMS 200 ipe ampli ya 200 mpaka 300, kisha acha kifundo cha «gain» mahali ambapo sauti bado ni safi. Kifundo hicho si cha kuongeza sauti. Ni cha kulinganisha ampli na redio. Fundi anayekizungusha mpaka mwisho ili mteja afurahi anamtafutia mteja huyo safari nyingine ya kwenda kununua bafle.

Omu nazo zina mtego. Sabwufa yenye koili mbili za omu 4 inaweza kuungwa ikawa omu 2 au omu 8. Ampli isiyokubali omu 2 itapata moto na kuzima katikati ya wimbo, halafu utasema ni feki. Soma kwanza imeandikwa inakubali omu ngapi, tena angalia kama ni kwa chaneli moja au kwa chaneli mbili zilizounganishwa, maana si sawa.

Nije kwa makanisa na vikundi vinavyokodisha vyombo vya ndoa na kilio, kwa sababu hapo ndipo hasara inagusa wengi. Umeme wa Ruzizi I na Ruzizi II unatengenezwa juu yetu kwenye mto huu huu, lakini nyumba nyingi za bonde zinaishi kwa paneli na batri. Kwa hiyo ampli ya gari imekuwa ampli ya ibada. Inaungwa na mabafle makubwa, ambayo kwa kawaida ni ya omu 8, wakati namba zake zimepimwa kwa omu 4. Bafle moja ya omu 8 kwa chaneli inapokea karibu nusu tu. Kamati inasema ampli ni dhaifu, inatafuta kubwa zaidi.

Tupige mahesabu ya batri. Batri ya ampea-saa 100 haipendi kushushwa chini ya nusu, una 50. Ampli ya aina ya D yenye wati 500 za kweli, ikipiga kwa nguvu, inaweza kuvuta kama ampea 17 kwa wastani, sababu muziki unapanda na kushuka. Baada ya saa tatu mmebaki na mahubiri bila sauti. Ampli ya wati 150 itavuta kama 5, na paneli ya wati 100 kwenye jua kali inarudisha karibu hizo 5. Pesa iliyobaki iende kwenye bafle yenye desibeli kubwa: kila desibeli 3 zinazoongezeka kwenye karatasi yake ni sawa na kuongeza wati mara mbili, bila kuigusa batri.

Waya usinunue kwa unene wa ganda. Nyingine ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu. Ikwangue kwa kisu, ukiona nyeupe ndani chukua nene zaidi. Na fyuzi ya pili ikae karibu na batri, isizidi nusu mita, kwa sababu waya ikichubuka chini ya zulia la gari, ile ya kwenye ampli haizuii moto.

Kuna wauzaji wa Luvungi na Uvira wanaokasirika ukiomba kuona fyuzi. Waombeni tu. Anayekataa, mwachieni katoni yake.