Sindano ya Baba na tarehe ya safari

Baba alikuwa ameshafunga masanduku yake hapa Leicester, tayari kwenda Mombasa kwa miezi miwili. Sindano yake ya saratani ya tezi dume, ya kila miezi mitatu, ilibakiza siku kumi. "Nitachomwa nikirudi, mwanangu. Kwani naumwa?"

Nikaketi naye. Dawa ile, leuprorelini, ni mnyororo mfupi wa viungo vile vile vinavyojenga protini. Ukiimeza, tumbo huimeng'enya kama nyama. Kwa hiyo hufungwa ndani ya chembe ndogo sana za polima, jamaa ya nyuzi za kushonea jeraha zinazoyeyuka zenyewe. Chembe humomonyoka polepole, zikiachia dawa kidogo kidogo. Mwisho hubaki asidi ya laktiki, ile ile ya maziwa lala, na mwili huiondoa.

"Huumwi kwa sababu chembe bado zimo, Baba. Zikiisha, homoni inayolisha saratani hurudi."

Akanyamaza. Kisha: "Mpigie nesi."

Nesi akakubali kuisogeza tarehe. Alichomwa Jumanne, akasafiri Alhamisi.

Ndugu zangu, kabla ya kuwakatia wazee tiketi, tuwaulize: sindano ijayo ni lini?