Daftari la Nyumbani: Neno Moja kwa Wino Mwekundu



Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kuwa hata daftari likiwapo, likiandikwa vibaya, huweza kumwaibisha mtu asiye na hatia.

Niliombwa kutunza kwa kompyuta hesabu za chama cha akiba cha akina mama wa kambini. Katika kisanduku cha kila mwanachama niliandika hivi: "Amelipa 150,000, deni 50,000." Sehemu ya deni niliipaka rangi nyekundu ili ionekane upesi. Baadaye, kwa kutaka wepesi, niliweka fomula ili sentensi hiyo ijiandike yenyewe kila malipo yaongezekapo. Wekundu wote ukatoweka, nami sikuangalia. Karatasi ikabandikwa ukutani. Mama mmoja, ambaye mumewe yuko kazini mbali, alisoma "Amelipa", akaridhika, akanunua sare za watoto kwa fedha alizokuwa nazo. Siku ya mkutano akaitwa mdaiwa mbele ya wenzake.

Nilimwomba radhi, kisha nikaketi kutafuta sababu.

Katika Excel, sehemu ya maneno yaliyomo ndani ya kisanduku yaweza kupakwa rangi kwa mkono, mradi maneno hayo yamechapwa na mtu. Bonyeza kisanduku mara mbili, chagua neno ulitakalo, kisha uteue rangi. Lakini matokeo ya fomula hayakubali rangi mbili; kisanduku kizima huwa na sura moja.

Iko pia amri iitwayo Conditional Formatting, ambayo hupaka rangi yenyewe sharti likitimia. Hiyo nayo hupaka kisanduku kizima, wala haichagui neno. Atakaye neno moja tu lipakwe lenyewe hana budi kutumia programu ndogo iitwayo makro, ilitafute neno hilo katika kila kisanduku na kulipaka. Njia hiyo ina taabu zake: haifai juu ya fomula; ikishapaka, amri ya kawaida ya kutangua haikusaidii; na makro iliyotoka kwa mtu usiyemjua yaweza kuwa mlango wa virusi.

Dawa niliyoiona ni nyepesi zaidi. Kisanduku kimoja kisibebeshwe mambo mawili. Tenga safu tatu: jina, malipo na deni. Fomula ya safu ya deni na itoe malipo katika kiasi kinachotakiwa. Kisha chagua safu hiyo ya deni, weka sharti kwamba namba iliyozidi 0 iwe nyekundu. Deni likiisha, rangi huondoka yenyewe.

Tena, mashine ya kuchapa yenye wino mweusi pekee haitoi nyekundu. Kwa hiyo ongeza safu ya nne yenye neno "Anadaiwa" au "Amemaliza", ili karatasi ya ukutani isimdanganye mtu.

Yule mama alilipa sehemu ya mwisho Jumamosi iliyopita. Niliingiza malipo yake akiwa amesimama karibu nami, na sote wawili tukaiona nyekundu ikiondoka. Akacheka, akasema, "Sasa bandika, mwalimu."

Hadi juma lijalo, kwaherini.