Safari, Mafungo na Jumuiya: Somo Moja

Walimu-wanafunzi wanaorudi kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kikatoliki hutuletea swali moja ambalo si geni: je, ziara, siku za mafungo na zamu za kazi za pamoja si mambo yanayokula saa za Hisabati na Kiswahili? Wengine huongeza kwamba mtihani upo njiani, na mtihani haumwulizi mtoto alikwenda wapi. Swali hilo lastahili jibu, maana anayeliuliza hana nia mbaya. Ameona basi likiondoka asubuhi kwa nyimbo, likirudi jioni kwa usingizi, na kesho yake masomo yakaendelea kana kwamba hakuna aliyetoka nje ya lango.

Maoni yetu ni kwamba mambo hayo matatu ni somo moja. Kila moja likifanywa peke yake huharibika: ziara hugeuka matembezi, mafungo hugeuka adhabu ya kunyamaza, na maisha ya jumuiya hugeuka kufagia uwanja. Yakifungamana, mtoto hujifunza jambo ambalo ubao hauwezi kumpa. Tena twaamini kwamba kipo kipimo kimoja cha kujua kama shule imefaulu katika somo hilo, nacho ni hali ya yule mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna nauli.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika shule tuliyokuwa tukifundisha, darasa la tano lilipelekwa Bagamoyo. Waliolipa walipanda lori. Watoto kumi na mmoja ambao hawakulipa walibaki, wakapewa mafagio. Jumatatu tuliandika ubaoni kichwa cha insha: Safari Yetu ya Bagamoyo. Hatukufikiri. Mvulana mmoja kati ya waliobaki aliandika ukurasa mzima juu ya uwanja wa shule usiokuwa na watu: jinsi majani ya mwembe yalivyoanguka nyuma yake kila alipokwisha kufagia, na jinsi alivyolisikia lori likirudi kabla hajaliona. Ilikuwa insha bora kuliko zote. Nasi tulimpa alama chache, tukaandika kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya mada. Hakusema neno. Alifunga daftari lake, na kwa muda wote tuliobaki naye hakuandika tena zaidi ya mistari iliyotakiwa.

Tulimfundisha nini mtoto yule? Tulimfundisha kwamba jumuiya ya shule ina watu wa ndani na watu wa nje, na kwamba mpaka kati yao ni fedha. Na shule ile ilikuwa na sala asubuhi na jioni.

Katika vyama vya wanafunzi Wakatoliki kuna njia ya kazi ambayo mwalimu wa dini yoyote aweza kuitumia darasani. Chanzo chake ni Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1925 alianzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo. Papa Yohane XXIII aliikubali njia hiyo katika waraka wake wa mwaka 1961 uitwao Mater et Magistra. Ina hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda. Twaomba msomaji aipime safari, mafungo na jumuiya kwa hatua hizo, moja baada ya nyingine.

Kuona

Macho peke yake hayatoshi. Anayeona sana ni yule aliyekuja na swali. Kwa hiyo ziara huanza darasani, wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuondoka. Watoto na watazame ramani, wakadirie umbali, wagawanywe katika vikundi, na kila kikundi kipewe jambo lake la kuchunguza. Mwalimu naye hana budi kutangulia kwenda mahali penyewe, ajue vyoo viko wapi, maji ya kunywa yako wapi, na mahali gani pana hatari. Ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, orodha ya majina na kisanduku cha huduma ya kwanza ni sehemu ya andalio la somo kama zilivyo chaki na kifutio.

Tuchukue Bagamoyo hiyo hiyo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868 wakitokea Unguja, wakajenga misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Katika eneo la misheni pana mbuyu mkubwa. Darasa likiuzunguka kwa kushikana mikono, kisha likaupima kwa kamba, na likirudi shuleni likatafuta kipenyo chake, saa ya Hisabati haikupotea. Pale pale, Februari 1874, ililetwa maiti ya David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walioibeba kwa miezi mingi ni Waafrika, miongoni mwao Susi na Chuma. Mwulize mtoto: ni jina la nani ulilokuwa ukilijua kabla ya leo, la aliyebebwa au la waliobeba? Mwulize tena: mtu aliyenunuliwa ili akombolewe, kisha akakaa na kufanya kazi katika shamba la misheni, alikuwa huru kwa kiasi gani? Mwalimu asiogope swali hilo kwa kuwa shule ni ya Kanisa. Shule ya Kikatoliki inayoogopa swali la mtoto juu ya historia yake yenyewe imeacha kufundisha.

Kutoka hapo mpaka magofu ya Kaole si mbali. Huko pana mabaki ya misikiti ya kale na makaburi ya Waislamu wa pwani. Twashauri kwamba ziara ya shule ya Kikatoliki isiishie misheni, bali ifike na Kaole. Mtoto Mwislamu anayesoma pamoja na wenzake Wakristo, akimwona mwalimu wake amesimama kwa heshima mbele ya mihrabu iliyobomoka kama alivyosimama mbele ya kanisa, atapokea fundisho la ujirani lisilohitaji hotuba.

Wala si lazima kwenda mbali. Shule iliyo karibu na Songea yaweza kwenda Peramiho, ambako Wabenedikto walianza misheni yao mwaka 1898, watoto wakaone karakana na hospitali. Shule isiyokuwa na nauli kabisa yaweza kwenda kwa miguu kwa mhunzi, kwenye zahanati, kisimani, au kwa mzee anayejua kijiji kilianzaje. Ziara ya saa mbili iliyoandaliwa yashinda ya siku nzima iliyokurupukiwa.

Kuamua

Mtoto aliyeona mengi asipopewa nafasi ya kuyatafakari, aliyoyaona humpita kama upepo. Hapo ndipo penye faida ya mafungo. Tunajua kwamba katika shule nyingi siku hiyo huwekwa wakati wa Kwaresima, au kabla ya Komunyo ya kwanza na Kipaimara, na kwamba aghalabu hujazwa mahubiri tangu asubuhi hata alasiri. Mtoto wa miaka kumi hawezi kustahimili hayo. Hulala, au hucheka na mwenzake, kisha huadhibiwa. Na tangu hapo neno lenyewe humwogofya, maana husikia mafungo akafikiri kufungwa.

Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba kinachofungwa ni mlango wa kelele tu. Kwa watoto wa shule ya msingi nusu siku yatosha. Ukimya na uwe wa dakika chache chache, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, na kati ya ukimya mmoja na mwingine pawe na wimbo, matembezi ya polepole, kuchora, au hadithi moja fupi ya Injili. Maswali yawe machache na ya karibu: wiki hii ni nani niliyemsaidia? Ni nani niliyemcheka? Tulipokwenda safari, ni nani tuliyemwacha? Tungaliuliza swali hili la mwisho mwaka ule, darasa la tano lingalitujibu mara moja, maana watoto walijua. Waliokuwa hawajui ni walimu.

Hapa yatupasa kusema jambo juu ya watoto wasio Wakatoliki. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya dini, na Kanisa lenyewe, katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu la mwaka 1965, lilisema kwamba jumuiya ya shule ya Kikatoliki ihuishwe na roho ya Injili, roho ya uhuru na mapendo. Basi mtoto Mwislamu au wa madhehebu mengine asilazimishwe kuingia katika ibada isiyo yake. Lakini asiachwe pia uwanjani akizurura, kana kwamba kutafakari ni mali ya wengine. Wazazi wake waulizwe, naye apewe saa yake ya utulivu na mwalimu wa kumsikiliza. Swali la nani tuliyemwacha halina dhehebu.

Kutenda

Kilichoonekana safarini na kuamuliwa katika utulivu hujaribiwa katika maisha ya kila siku ya shule: katika kupakua chakula, kuchota maji, kumtembelea mgonjwa, kulima bustani. Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, kwamba shule ziwe jumuiya za kweli, walimu na wanafunzi wakifanya kazi pamoja. Miaka miwili baadaye Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali. Tangu miaka ya 1990 mashirika ya dini yamefungua tena shule nyingi za kwao, na nyingi kati ya hizo zinaendeshwa kwa karo. Hatulaumu karo, maana mishahara hailipwi kwa baraka. Twasema tu kwamba shule inayoishi kwa karo inayo hatari ambayo yatupasa kuikabili kila siku: kuisahau jumuiya na kubaki na wateja.

Dawa yaweza kuanzia bustanini. Tuseme darasa lina watoto 45, na basi ni shilingi 270,000. Kila mtoto atapaswa kutoa shilingi 6,000. Tuseme watoto 9 hawana. Upungufu ni shilingi 54,000. Ikiwa fungu la mchicha kutoka bustani ya shule huuzwa shilingi 500, yatakiwa mafungu 108. Yaani mafungu 9 kila wiki kwa wiki 12. Hesabu hii ifanywe na watoto wenyewe ubaoni, na bustani ilimwe na wote 45. Mchicha usiwe kazi ya wasiolipa, maana tukifanya hivyo tumewapa tena mafagio. Fedha ziingie katika mfuko mmoja, na orodha ya safari isionyeshe nani alilipa na nani alilipiwa. Jambo hili la mwisho ni dogo kwa karani, lakini kwa mtoto ni heshima yake yote.

Kuna watakaosema kwamba wazazi waliolipa watanung'unika. Uzoefu wetu ni kwamba mzazi aliyeitwa mapema na kuelezwa kwa adabu hunung'unika kidogo kuliko mzazi aliyeletewa karatasi ya malipo siku tatu kabla ya safari. Na ikiwa baada ya juhudi zote fedha hazikutimia, ushauri wetu ni mmoja: badilisheni safari, msibadilishe idadi ya watoto. Nendeni kwa miguu mpaka kwa mhunzi. Mtarudi wote mna la kuandika.

Kuhusu saa za masomo zinazosemekana kupotea, msomaji mwenyewe na ahesabu. Katika ziara moja iliyoandaliwa mna ramani, vipimo, historia, insha na hesabu ya fedha; katika mafungo mna usikivu na lugha ya kujieleza; katika bustani mna sayansi na hesabu tena. Mtihani hauulizi mtoto alikwenda wapi, ni kweli, lakini humtaka aandike, apime na afikiri, na hayo hujifunza vizuri zaidi mtu aliyekuwa na jambo la kuandika, kupima na kufikiri.

Mvulana wetu wa darasa la tano alikuwa nalo jambo la kuandika. Aliona, tena aliona vizuri kuliko wenzake waliofika Bagamoyo. Sisi ndio tuliokataa alichokiona kwa kuwa hakikuwa katika mada yetu. Hatujui maisha yalimpeleka wapi. Insha yake tungalitoa mengi kuisahihisha upya.

Basi, ndugu walimu-wanafunzi, siku mtakapokabidhiwa darasa na kuambiwa mlipeleke safari, mtasimama mlangoni mwa basi na orodha mkononi, kama inavyowapasa. Hesabuni wanaopanda. Kisha geukeni nyuma, mtazame uwanjani, mhesabu tena.