Halzeti Haiwekwi Akiba
Zaituni ni mti uliotajwa kwa baraka katika Sura An-Nur. Lakini twasikia wako wanywao mafuta yake, halzeti, kikombe kizima mara moja kwa wiki, wakidhani yatakuwa akiba mwilini, na dawa ya tabibu wakaiacha. Twawanasihi wasifanye hivyo. Katika halzeti iliyokamuliwa tu, isiyosafishwa kiwandani, mna kitu kiitwacho haidroksitairosoli, kikingacho mafuta ya damu yasiharibiwe na oksijeni. Utumbo mwembamba hukifyonza, ini hukigeuza, na figo hukitoa kwa mkojo baada ya saa chache. Umoja wa Ulaya mwaka 2012 ulitaja gramu 20 kila siku, yaani kama kijiko cha chakula na nusu. Basi halzeti na iwe kitoweo, nayo dawa iendelee.