Kamalondo: tujifunze kuweka karata chini

Siku ambayo Mazembe inacheza nyumbani, komini ya Kamalondo inaamka mapema. Wachomaji wa nyama wanawasha makala, nganda zinapanga viti, na mbele ya vibanda vya pari vijana wanasimama safu, tike mkononi. Lakini hata siku ambayo uwanja umefungwa, safu hiyo haikosekani. Kunakuwa mechi ya Uingereza, ya Uhispania, ao ya nchi ambayo mchezaji mwenyewe hawezi kuionyesha kwenye ramani.

Hatuandiki leo ili kuwatukana vijana hao. Tunataka kusema juu ya jambo moja tu: kuchagua. Na tutaanza na mchezo ambao wengi wetu tunaujua kwa filamu: poka.

Watu wanazani poka ni kazi ya kuficha uso na kudanganya. Wanaoicheza kwa ujuzi wanajua kwamba kazi kubwa iko pengine. Katika poka ya aina ya Texas, kila mchezaji anapewa karata mbili anazoziona peke yake, kisha karata tano zinawekwa mezani kwa ajili ya wote. Swali la kwanza linakuja mbele ya hizo tano: nicheze, ao niache?

Karata 52 zinaweza kutoa michanganyiko 1.326 ya karata mbili. Asi mbili, ambazo ni bora kuliko zote, zinakuja kwa wastani mara 1 kwa 221. Karata mbili zinazofanana, iwe namba yoyote, mara 1 kwa 17. Mara nyingi basi unapewa kitu kisichofaa, kama 7 na 2 za rangi tofauti. Ndiyo sababu mchezaji wa akili, kwenye meza ya watu tisa, anaweka karata chini karibu mara nne kwa tano. Si woga, ni hesabu. Anaangalia pia zamu yake: anayesema wa kwanza anahitaji karata nzuri zaidi, kwa maana anayesema wa mwisho amekwisha kuona wenzake wamefanya nini.

Anayeanza, yeye, anachukia kuacha. Amekuja kucheza, si kutazama. Akiona mfalme mmoja anasahau kwamba karata ya pili ni 4. Akipoteza, anaweka zaidi ili arudishe. Usiku unakwisha, mfuko umekwisha.

Sasa turudi mbele ya kibanda. Kijana anaunganisha mechi kumi kwenye tike moja. Tuseme kila mechi aliyochagua ina nafasi 80 kwa 100 ya kwenda alivyotaka. Moja moja, zote zinaonekana hakika. Zikiunganishwa, nafasi ya kupata zote kumi ni karibu 11 kwa 100. Timu moja ikiteleza, tike imekufa.

Kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi ukutani. Mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa ingepaswa kulipa mara 2. Tuseme kampuni inalipa mara 1,90. Kwa kila franka 1.000, inajibakizia 50 kwa wastani. Unganisha mechi kumi za namna hiyo, na kwa kila franka 1.000 ni karibu 600 tu zinazorudi kwa wachezaji wote pamoja. Anayeshinda tunamwona, anapiga kelele mtaa mzima. Walioacha zile 400 wanarudi nyumbani kimya.

Tusieleweke vibaya: hatumwambii mtu aache pari akacheze poka. Hata asi mbili, mbele ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, zinashindwa karibu mara 15 kwa 100. Tofauti ni kwamba mezani unapambana na watu wanaoweza kukosea kama wewe. Kwenye kibanda, bei imekwisha kupangwa na mwenye kibanda. Hapo, karata nyingi zinazostahili kuwekwa chini ni zote.

Na kuacha si jambo geni kwetu. Waulizeni mama zetu wa likelemba. Mbele ya kuanza mzunguko wanaketi na kuchagua: huyu anaingia, yule hapana, hata kama ni jirani na anacheka vizuri. Wanajua kwamba mtu mbaya mmoja mwanzoni anaharibu feza ya wote mwishoni. Hiyo ndiyo hekima ya mchezaji mzuri wa karata, na iko katika kila lupango ya mji huu.

Kwa hiyo, ndugu, mbele ya kutoa feza jiulize maneno matatu. Feza hii ina kazi nyingine, kama minervali, dawa ao bukari ya kesho? Ninacheza kwa sababu nimeona kitu, ao kwa sababu nimesimama hapa? Ninatafuta kurudisha ya jana? Jibu moja likikusumbua, weka chini, rudi nyumbani.

Kwa wakubwa wa komini na wa mji, ombi letu ni fupi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Basi mtoto mwenye uniforme ya shule asiuziwe tike, wala asiachwe mbele ya mashine ya jetoni. Na kila kibanda kiandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kati ya franka 1.000 zinazoingia, ngapi zinarudi kwa wachezaji.

Anayechagua kucheza, achague akiwa anajua. Na anayechagua kuacha, tusimcheke: yeye ndiye ataamka kesho na feza yake.